Kisu cha Chupa ya Kumi na Nne

Mume wa shangazi yangu aliheshimu kisu kuliko alivyotuheshimu sisi wakwe zake. Naanza na sifa hiyo kwa makusudi, maana mbele nitamsema, na kuna wengine nitawasema zaidi yake. Kazini walimwita Fundi, na nyumbani tukalirithi jina hilo, hata shangazi mwenyewe hakumwita vingine. Alifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha udaktari, chumba cha mwisho katika korido ya chini, ambako ubongo wa marehemu huletwa kuchunguzwa.

Ubongo mbichi haukatiki, ni laini mno. Huwekwa wiki kadhaa ndani ya formalini, dawa kali inayochoma pua, umening'inizwa kwa uzi ili usilalie ubavu ukapinda. Ukishakuwa mgumu kama yai la kuchemsha, Fundi huutoa, huuosha, huulaza ubaoni na kuukata kwa kisu kirefu kisicho na meno. Mkato ni mmoja tu, wa kuvuta. Kisu kikirudi nyuma kinachana, na Fundi hakuwahi kurudisha kisu nyuma kwa miaka ishirini na mitatu. Akimaliza hukichemsha dakika ishirini kwenye sufuria ya umeme, hukifuta, hukipaka mafuta, kisha hukilaza ndani ya sanduku lake lenye kitambaa cha kijani. Shangazi alikuwa akituambia kwamba angezaliwa kisu, naye angepakwa mafuta kila jioni.

Mkubwa wa Fundi alikuwa Profesa. Mtu huyu nilimwona mara mbili tu, na zote mbili alinitosha. Alikuwa na shingo ya kutazama watu kwa juu hata alipokuwa mfupi kuliko wao, na akizungumza na mfagizi alizungumza na ufagio. Umaarufu wake wote aliuokota milimani, kwa watu wanaoishi mwendo wa siku tatu kutoka barabara ya mwisho. Wachache, kama mia nane hivi. Miongoni mwao kulikuwa na ugonjwa usiopatikana kwingine kokote.

Ulianza hivi. Mtu anatembea uwanjani mwake, mzima, anakwenda kuchota maji. Mara anasimama. Anainua goti juu kama jogoo, anavuka kitu ambacho hakipo, anaendelea na safari. Ukimuuliza amevuka nini atakwambia kizingiti. Baada ya miezi vizingiti vinazidi, njia nzima inakuwa vizingiti, mpaka miguu inachoka kuvivuka na mtu analala. Akilala anasahau kumeza, halafu anasahau watoto wake. Kisha basi. Ndani ya kichwa ubongo unakuwa umetobokatoboka kama sponji, jambo ambalo Fundi aliliona kwa hadubini na kulionyesha kwa wanafunzi mara nyingi.

Watu wa milimani waliuita ugonjwa ule Kizingiti. Profesa aliona jina hilo ni la kishamba, akaupa jingine refu, na katikati ya hilo refu akalichomeka jina lake mwenyewe. Kabla hujacheka, ujue alishangiliwa.

Alikusanya bongo kumi na tisa. Kwa kila maiti aliwapa wafiwa blanketi moja na ahadi moja, kwamba baada ya mwaka kilichochukuliwa kitarudishwa kizikwe pamoja na mwenyewe. Blanketi zilifika. Ahadi iliishia kwenye gari. Miaka minne ilipita, na chupa kumi na tisa za kioo zilikuwa bado zimepangwa rafuni kwa Fundi, kila moja na namba yake.

Ndipo akaja yule mama.

Alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi la korido, na kifurushi kidogo mapajani. Hakuomba wala hakulia. Kila aliyepita alimwambia jambo lile lile kwa sauti ya chini, kwamba amekuja kumchukua mwanawe na kisu chake. Mlinzi alimtoa, akarudi. Siku ya tatu wakaacha kumtoa, wakampa jina, Bibi wa Benchi, na wale madaktari vijana wakawa wanamsalimia kwa kuinua goti kwanza. Walicheka sana na utani huo. Watu waliosomeshwa miaka kumi na tisa, wakamcheka mama anayedai kichwa cha mtoto wake.

Fundi hakucheka, na hiyo nampa. Siku ya sita alimpelekea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akakaa naye pembeni ya benchi. Mama akamuuliza yeye ni nani. Akamjibu kwamba yeye ndiye mkataji.

"Wa kwangu ulimkata wewe?"

"Namba ngapi?"

Mama hakujua namba. Alitaja siku aliyokufa mwanawe, na Fundi akajua ni chupa ya kumi na nne. Akamwambia ndiyo, alimkata yeye, na alimkata kwa heshima. Mama akanywa maji taratibu.

"Basi nisikilize wewe, maana wenzako hawana masikio," akasema. "Kisu kilichogusa maiti ya Kizingiti hakirudi jikoni. Hakirudi popote. Kinazikwa na mwenyewe, kaburi moja. Babu zetu walichemsha. Wakachoma motoni. Wakasugua kwa majivu na mchanga. Haufi. Unakaa kwenye chuma unasubiri."

Fundi alimweleza habari za sufuria ya umeme. Dakika ishirini, mama, kila siku. Mama akamtazama vile mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia na miguu iko nje.

Maneno yale Fundi aliyafikisha kwa Profesa, kwa upole, akiwa amesimama mlangoni. Profesa hakuinua macho kwenye karatasi zake. Alisema kama angekuwa anapokea mafundisho kutoka kwenye mabenchi asingehitaji vitabu. Siku ya tisa mama aliondoka bila kuaga. Kikombe cha Fundi kilikutwa kimeoshwa, kimefunikwa juu ya benchi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Siku safi, jua la wastani, madirisha wazi, wanafunzi wanapiga soga uani. Profesa alikuwa amepandishwa kuwa mkurugenzi wa kituo kizima, na saa nne asubuhi watu kumi na mmoja, yeye akiwamo, walikusanyika kwenye chumba cha mikutano kumpongeza. Katibu muhtasi wake alileta keki nyeupe ya ghorofa mbili. Alileta sahani, uma, vitambaa vya karatasi, soda za rangi tatu. Alisahau kisu.

Mtu akasema atakimbilia kantini. Profesa akainua mkono. Alikuwa na furaha, na furaha ya mtu wa aina ile lazima imkanyage mtu.

"Kwa nini twende mbali? Leteni kile cha Fundi. Si ndicho Bibi wa Benchi alitaka kukizika?"

Wakacheka. Fundi akaenda. Alirudi amekishika kwa kitambaa, akasimama nacho mlangoni.

"Profesa, hiki ni cha kazi."

"Umekichemsha hukukichemsha?"

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Angesema hakikuchemshwa, angekuwa mfanyakazi mbovu mbele ya watu kumi na mmoja, yeye ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuambiwa neno. Angesema kimechemshwa lakini ana wasiwasi, angekuwa mjinga wa benchi. Heshima yake yote ilikuwa kwenye kile kisu. Mimi nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na kila nikilifikiria nataka kumzaba kibao, halafu nataka kumkumbatia.

"Nimekichemsha," akasema, akakitoa.

Profesa aliikata keki kwa mbwembwe, akirudisha kisu nyuma na mbele kama anakata kuni. Wote walikula. Fundi hakula, kwa kuwa alikuwa na kisukari, na si kwa sababu nyingine. Mwisho Profesa, akitaka aonekane mkarimu, alifunga kipande kikubwa kwenye kitambaa cha karatasi, akamtia Fundi mfukoni mwa koti, akamwambia ampelekee mkewe nyumbani.

Njiani kuna mapipa ya taka sita kati ya chuo na nyumba yao. Najua, nimeyahesabu. Fundi alisimama kwenye kila moja, na kwenye kila moja alijiambia kwamba akitupa, basi atakuwa amekiri kuwa alichowapa wenzake ni sumu. Alifika nyumbani kipande kikiwa bado mfukoni. Shangazi alipopokea koti kulitundika akakihisi, akakitoa, akafungua kile kitambaa. Katika ndoa ya miaka ishirini mume wake hakuwahi kumletea kitu kitamu kutoka kazini. Alifurahi mpaka akakaa chini. Alikila palepale mezani kwa vidole, akilamba, akimwambia jinsi kilivyo laini, na Fundi akakaa mbele yake na kikombe cha chai isiyo na sukari. Akanyamaza.

Hapo ndipo ninapomwacha mkono. Hayo mengine yote ningemsamehe.

Miaka minane ikapita, na miaka minane ni mingi. Kisu kiliendelea kukata, kuchemshwa, kupakwa mafuta. Fundi alikwisha karibia kustaafu. Angekwambia amesahau, lakini shangazi alikuwa akilalamika kwa mama yangu kwamba mume wake ana tabia mpya uzeeni. Kila shangazi anapotoka chumba hiki kwenda kingine, mumewe anamtazama miguu.

Profesa alianza siku ya mahafali. Ukumbi ulijaa, maprofesa wanaingia kwa mstari na majoho yao, yeye mbele. Alipofika katikati ya ukumbi, kwenye zulia lililonyooka, alisimama. Akainua goti, juu kabisa, joho likapanda. Akavuka. Akaendelea kutembea.

Watu walidhani ni maringo. Walipiga makofi.

Fundi alikuwa amekaa nyuma kabisa na wafanyakazi wa chini. Hakupiga makofi. Aliangalia mikono yake.

Baada ya miezi minne ilikuwa zamu ya katibu muhtasi, kwenye ngazi, akavuka kipandio ambacho hakipo na kuanguka vipandio sita vilivyokuwapo. Kisha daktari mmoja kijana mwenye miwani, mmoja wa wale waliokuwa wakimsalimia mama wa watu kwa goti. Watatu ndani ya mwaka mmoja, na wengine wanane wazima, wanatembea vizuri, wanajitazama kwenye vioo vya milango.

Neno uchawi halikuanzishwa na mfagizi wala mlinzi. Lilianzishwa na wasomi. Wale wale wenye hadubini, ambao wangekata kipande kimoja wakajua ukweli kabla ya chakula cha mchana, walianza kunong'onezana kwenye korido kuhusu Bibi wa Benchi. Benchi lenyewe wakalitoa wakalichoma. Siku moja Fundi alikuta chumvi imemwagwa kwenye kona zote nne za maabara, na aliyeimwaga alikuwa na shahada tatu. Kuambiwa kwamba walikula kwa kisu kichafu walikataa, kwa kuwa kisu kilichemshwa kwa kanuni yao. Kulogwa walikubali. Kulogwa hakumfanyi mtu aonekane mjinga.

Profesa akiwa bado ana ulimi alimtuma dereva wa chuo milimani akamwombe yule mama aitegue laana. Dereva alikwenda, akarudi baada ya wiki mbili. Mama alikwisha kufa zamani, kwa uzee, kitandani mwake. Kuna binti yake aliyempokea. Fundi alimfuata dereva kwenye banda la magari, akamuuliza walisema nini.

"Hawakusema kitu," dereva akajibu. "Waliuliza tu. Kisu kiko wapi."

Siku iliyofuata, saa saba mchana, wenzake walikuwa wamekwenda kula. Fundi alibaki peke yake maabara. Mlango ulikuwa wazi, jua likiingia kutoka madirisha ya korido mpaka kwenye meza yake. Alikuwa anafuta kisu.

Akasikia hatua.

Zilikuja kutoka mwanzo wa korido, nyepesi, za mtu asiyevaa viatu. Hakugeuka, akidhani ni mfagizi. Hatua zikafika mlangoni. Zikasimama. Kimya cha pumzi moja. Kisha mguu ukatua ndani ya chumba, mzito, kama ulioshuka kutoka juu. Kimya kingine. Mguu wa pili ukatua.

Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu.

Mlango wa maabara hauna kizingiti. Sakafu ni saruji tupu, imenyooka kutoka korido mpaka ndani ili vitoroli vipite. Fundi aliitazama. Kwa nje ya mlango kulikuwa na kishimo kidogo sakafuni, laini, kama kile kinachochimbwa na nyayo kwenye ngazi za nyumba za kale. Kwa ndani kulikuwa na kingine. Katikati yake mstari wa upana wa kiganja, saruji haikuguswa. Aliinama akaupitisha mkono. Jana yake alikuwa amesukuma kitoroli pale.

Hakukimbia. Alikwenda kwenye rafu.

Chupa ya kumi na nne ilikuwa mahali pake. Aliijua vizuri kuliko zote. Ubongo ule aliukata mwenyewe vipande kumi na viwili, akavifunga kwenye kitambaa chembamba, akavirudisha dawani. Aliishusha, akaiweka mezani kwenye jua. Dawa ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Kitambaa kilikuwa kimelala chini, kitupu. Na ule ubongo ulikuwa unaning'inia kwenye uzi.

Ulikuwa mzima. Aliuzungusha, pande zote. Hapakuwa na mkato hata mmoja.

Ukageuka kidogo kwenye uzi wake. Ukatulia umeelekea mlangoni.

Fundi aliandika barua ya likizo siku hiyo hiyo. Nyumbani alimwambia shangazi anakwenda kwenye semina. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri na mzigo. Chupa aliifunga kwa blanketi, kisu akakiweka ndani ya sanduku lake la kijani, akavibeba vyote kwa basi mpaka barabara ya mwisho, kisha kwa miguu siku tatu, mzee wa miaka hamsini na tisa mwenye kisukari. Kila alipopumzika alimwomba Mungu jambo moja. Si yeye, si Profesa, si wale wanane. Shangazi tu. Miguu yake tu iendelee kutembea kama kawaida.

Binti wa yule mama alimkuta Fundi amekaa nje ya uwanja wao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imetapakaa udongo. Hakumuuliza jina. Alitazama blanketi, akatazama sanduku, akampa ishara amfuate.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na makaburi mawili. Moja lilikuwa la mama, limeota majani. La pili lilikuwa wazi. Pembeni ya mwili uliozikwa miaka kumi na miwili iliyopita walikuwa wameacha shimo dogo, la kutosha kichwa, kingo zake zimesuguliwa kwa udongo mwekundu. Ndani yake hakukuwa na jani lililoanguka. Fundi akauliza shimo lile lilichimbwa lini.

"Siku mlipomchukua," akajibu. "Nalifagia kila asubuhi. Kabla yangu alifagia mama."

Walizika bila maneno mengi. Binti ndiye aliyemimina dawa mbali, akamweka kaka yake shimoni kwa mikono miwili. Fundi akafungua sanduku. Anasema, na hili alinieleza mwenyewe akilia, kwamba hata pale, hata baada ya yote, mkono wake ulisita kukiachia kile kisu. Kilikuwa kinang'aa. Binti alisubiri. Akakiachia.

Udongo uliporudi, Fundi alipiga magoti. Alimwambia kila kitu, keki, kitambaa cha karatasi, mapipa sita ya taka. Akamwomba aitegue laana ya mama yake.

Binti alimtazama kwa muda. Fundi alikwisha kuona dharau maishani, alifanya kazi chini ya Profesa miaka thelathini na moja. Lakini hajawahi kutazamwa vile.

"Laana gani?" akauliza. "Mama hakuwalaani. Alitembea siku tatu na miguu yake mibovu kuja kuwaonya. Alikaa kwenye benchi lenu siku tisa anawaonya. Nyie mkirogwa mnajua, mkionywa hamjui?"

"Mke wangu atapona?"

"Alikula?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Wewe uliambiwa. Yeye ulimwambia?"

Akaokota ufagio wake, akafagia udongo uliotapakaa juu ya kaburi, akaingia ndani. Hakumpa maji. Mama yake alipewa kikombe kwenye korido ile, lakini nadhani kwa binti hesabu ya kikombe ilikuwa imeshakwisha.

Safari ya kurudi Fundi aliiona nyepesi. Binadamu ni kiumbe wa ajabu, akishajitua mzigo anadhani na deni limekwisha. Kisu kimezikwa. Mtoto wa watu amelala. Miaka minane na nusu imepita, na shangazi hajawahi kuinua mguu mahali pasipopaswa. Alijiambia wengine wanane wako wazima, kwa nini mkewe asiwe wa tisa. Kwenye duka la mwisho kabla ya nyumbani alinunua biskuti za krimu, boksi zima. Alikuwa anakusudia kumwambia. Siku hiyo hiyo, mezani.

Ilikuwa saa kumi jioni. Redio ilikuwa inaimba jikoni. Akaita kutoka sebuleni, na shangazi akaitika, akaja akijifuta mikono kwa khanga, anacheka, anamuuliza semina gani hiyo ya kumrudisha mtu amekonda.

Akafika mlango wa jikoni.

Akasimama.

Akainua goti. Juu.

Akavuka, akaja, akampokea mfuko.

Fundi alibaki anautazama mlango. Shangazi akamuuliza kulikoni, anaumwa. Fundi akaonyesha kwa kidole.

"Umevuka nini pale?"

Shangazi aligeuka akatazama mlango, akamgeukia mume wake kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake ameanza kuzeeka.

"Kizingiti, Fundi. Nyumba hii umejenga mwenyewe, leo hukijui kizingiti chake?"

Alimwambia siku ile. Nilitaka kukuficha alichojibu shangazi, lakini nimeshasema nitamsema kila mtu. Alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungeniambia nisile, ningekucheka. Lakini ningeacha." Hakulirudia tena neno hilo, na hakuhitaji.

Aliishi miezi kumi na mitatu. Mwisho alikuwa amelala sebuleni kwa kuwa hakuweza tena kuvuka kwenda chumbani. Profesa alikwisha kufa kabla yake, akazikwa kwa hotuba sita, na kwenye cheti wakaandika maneno ambayo hata wao hawakuyaamini. Picha yake ipo kwenye korido ya juu, imefungwa kwa kioo. Chuo kilinunua kisu kipya, wakabandika ukutani kanuni ile ile ya dakika ishirini. Wale wanane kila mwaka huchanga wakamwite mtu wa kuja kufukiza jengo. Chupa kumi na nane bado ziko rafuni.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsaidia Fundi kuhamisha vitu. Ameiuza nyumba. Yeye haingii tena jikoni, anapikia uani kwenye jiko la mkaa. Niliingia mimi kuchukua masufuria ya shangazi, na mlangoni nikajikwaa kidogo, nikatazama chini.

Sakafu ni ya vigae. Fundi aliviweka mwenyewe, vimenyooka, gololi haibingiriki. Kwa upande wa sebuleni kigae kimelika, kimeacha kishimo laini cha ukubwa wa unyayo. Kwa upande wa jikoni kipo kingine. Katikati yake upana wa kiganja haujaguswa. Mwanamke mmoja, kwa miezi michache aliyotembea, hawezi kukichakaza kigae namna ile. Ingetaka watu wengi, na miaka mia.

Nilipitisha kidole. Kishimo cha upande wa jikoni kilikuwa na unyevu, na udongo mwekundu kidogo.

Nilipogeuka kutoka na masufuria mikononi, Fundi alikuwa amesimama uani, ananitazama miguu.